Lenzi ya Kijerumani ya Fredi

Jumanne, 2 Februari 2010. Gitega

Mvua imerudi na kuvu limerudi nayo. Asubuhi nimefungua kabati nikakuta uzi mweupe umeanza kutambaa ndani ya kioo cha lenzi yangu ndogo. Nimebadilisha makaa kwenye kikapu, maana makaa hunywa unyevu kuliko dawa zote za dukani.

Kila masika naanza daftari jipya, kwa sababu masika ndiyo huniharibia vifaa, na kiangazi kikifika nasahau nini kiliharibikaje. Naandika Kiswahili kwa kuwa ndicho nilichofundishwa kuandikia kwenye kambi ya wakimbizi ya Lukole, kule Ngara, Tanzania. Kirundi nakisema bila shida, lakini nikikiandika kalamu inakwama kama baiskeli kwenye tope. Kaka zangu hunicheka. Wacheke tu, daftari ni langu.

Alhamisi, 4 Februari

Picha za vitambulisho kutwa nzima. Uchaguzi unakuja na Gitega nzima imegundua kwamba haina picha. "Masikio yaonekane," nimesema mpaka koo limekauka. Mama mmoja amegoma kuvua kilemba, akaniambia Mungu anamjua bila masikio. Nikamjibu Mungu hatoi vitambulisho.

Jumanne, 9 Februari

Leo Audax wa kanisani, yule katekista, amekuja na msichana aliyelowa na kopo la maziwa ya unga. Ndani ya kopo mlikuwa na makaa, ndani ya makaa kitambaa cha kitenge, ndani ya kitenge lenzi.

"Kasilda, we ndiyo photographe," amesema Audax hata kabla ya kukaa. "Angalia hii kitu. Huyu mtoto anasema iko ya Fredi."

Fredi alikuwa kaka mkubwa wa Audax. Wenyeji wa mji huu wote wanamjua: kabla ya vita yeye ndiye aliyepiga picha za harusi, komunyo na mazishi. Oktoba ya tisini na tatu alitoka nyumbani akiwa na begi lake na hakurudi, wala mwili haukuonekana. Mke wake alimsubiri mpaka naye akafa, bila mtoto. Familia nayo imesubiri. Sasa wamekubaliana kwamba kusubiri kumetosha, na kiangazi kikianza watafanya kuganduka, yaani kumaliza matanga. Siku hiyo pombe ya mtama hunywewa, wazee hukaa, na watoto wa marehemu huitwa mbele ya watu. Asiyeitwa siku hiyo hana tena baba wa kumdai.

Msichana anaitwa Christina. Anasema mama yake, Efrazia, alikuwa mtu wa Muyinga, na kwamba Fredi alikuwa akilala kwake alipokwenda kupiga picha huko. Vita vilipoanza Efrazia alimbeba mtoto na lenzi aliyoachiwa na Fredi, wakavuka mpaka wa Kobero kuingia Tanzania. Akafia Lukole. Alimwachia mwanawe lenzi na neno moja: hili ndilo jicho la baba yako.

"Shamba silitaki, mama," Christina ameniambia mimi, siyo Audax. "Kuna mtu anataka kunioa. Kwao hawawezi kuleta ng'ombe mahali pasipo na baba. Namwomba data wacu akae tu kwenye kiti, apokee."

Data wacu ndivyo Warundi wanavyomwita baba mdogo. Audax ameruka kama aliyeungua.

"Usiniite hivyo! Bado!" Kisha akanigeukia. "Lenzi ya Fredi ilikuwa allemande, ya Kijerumani, pure. Tangu ainunue kwa ule Mgiriki hakuna mtu alishafungua ndani. Mi nilikuwa nabeba begi yake, najua. Kama hii iko allemande ya kweli, tutaongea. Kama hapana, arudi kwao Muyinga."

Nimewaambia waniachie mpaka kesho kutwa. Nasema kweli, msichana hakunifurahisha. Ana adabu mno. Sisi wa kambini tunajuana: tulijifunza mapema kumwambia karani kile anachotaka kusikia.

Jumatano, 10 Februari

Nimefunga studio mchana nikaikagua. Naandika nilichokiona.

Pete ya mbele ina jina la Kijerumani, limechongwa vizuri, na namba. Mtu asiyejua angeishia hapo. Lakini namba ya kwenye pete na namba ya nyuma, pale lenzi inapoungana na kamera, ni mbili tofauti kabisa. Skrubu zina makovu ya bisibisi isiyo saizi yake. Nimebana pete kwa kipande cha mpira wa baiskeli nikaizungusha, nayo ikatoka na ukoko wa gundi. Chini ya pete, kwenye chuma chenyewe, kuna herufi za Kirusi.

Kioo cha ndani, karibu na tundu la kupitishia mwanga, kimemeguka ukingoni. Mtu amepaka wino mweusi pale palipomeguka ili mwanga usichezecheze. Kovu lenyewe limekaa kama meno mawili. Kazi safi, ya mtu mwenye subira. Kuvu hakuna hata chembe, msichana ameitunza kuliko ninavyotunza zangu.

Kwa hiyo jibu ni rahisi. Hii ni lenzi ya Kirusi iliyovishwa kofia ya Kijerumani. Imechezewa.

Alhamisi, 11 Februari

Nimewaambia. Audax amepumua kama mtu aliyeshushwa mzigo kichwani. "Umesikia? Ya Fredi ilikuwa ya kweli. Hii watu walikuuzia Kobero." Christina alifunga lenzi kwenye kitenge, akairudisha kwenye makaa, akasema, "Asante, mama," akatoka mvuani.

Nimeulizwa swali na nimejibu. Mkweli hana lawama.

Ijumaa, 12 Februari

Umeme hakuna. Vitambulisho, masikio.

Jumatatu, 22 Februari

Mchumba amekuja. Anaitwa Murhula, Mkongomani wa Kivu ya Kusini, anauza vitenge na betri pale mpakani Kobero. Mrefu, viatu vyake safi licha ya tope hili. Nilidhani amekuja na ugomvi, nikasogea karibu na mlango.

"Mama, sikuje kugombana. Niko nauliza tu. We ndiye ulisema ile lenzi iko ya uongo?"

"Nilisema imechezewa."

"Sawa. Mi niko mutu wa biashara. Kitu ya uongo, mutu anaiuzisha mbio, mbele watu wajue. Sasa huyu mama yake, mukimbizi, na njaa, na mutoto mugongoni, alitunza kitu ya uongo miaka yote ile ndani ya makaa, juu ya nini?"

Nikamwambia pengine hakujua kwamba ni ya uongo.

"Voilà," akasema. "Hakujua. Basi ni nani aliyemupa?"

Akanunua fremu moja ya picha ambayo sidhani aliihitaji, akaaga kwa heshima. Swali lake limebaki kaunta kama mwavuli uliosahauliwa.

Jumatano, 3 Machi

Mvua ya mawe. Bati la nyuma limetoboka. Kopo chini ya tundu.

Jumanne, 9 Machi

Nimemwona Audax sokoni. Amenishukuru tena, kwa sauti kubwa, mbele ya wauza ndizi. Mtu akikushukuru mara tatu kwa kazi moja, kuna kitu ulichompa usichokijua.

Jumatano, 17 Machi

Leo nitaandika kirefu.

Mama Ursula, mjane anayeuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, nyuma ya soko, ameleta picha ya harusi yake nimtolee nakala kubwa. Nyuma kuna muhuri wa Fredi, na mwaka, 1989. Walipigwa kule Mutoyi, uani kwa misheni, chini ya mikaratusi. Bwana harusi amekunja ngumi kama anangoja vita, Ursula kafunga macho nusu. Nimeiweka kwenye mashine, nikaikuza kwenye kompyuta nianze kuondoa mikwaruzo.

Nyuma yao, pale jua linapopenya kwenye majani, mwanga umetawanyika kuwa viduara vingi vyeupe. Hilo ni la kawaida, kitu kikiwa mbali na kamera ikilenga karibu, kila tone la mwanga huvimba likawa duara. Lakini viduara hivi si vizima. Kila kimoja kimeumwa upande mmoja, kama chapati aliyoidokoa mtoto. Nilidhani karatasi imechubuka, nikaanza kuvijaza kimojakimoja. Nilipofika cha nne au cha tano mkono ukasimama.

Vyote vimeumwa mahali pamoja. Na lile jino lililouma ni meno mawili.

Nimekimbilia daftari hili hili nikasoma nilichoandika tarehe kumi Februari. Kila duara kwenye picha huchukua umbo la tundu ambalo mwanga umepitia, na kinachoziba tundu hupigwa muhuri kwenye kila duara. Mtu hawezi kubuni hilo. Lenzi iliyopiga harusi ya Ursula ilikuwa na kioo kilichomeguka meno mawili na kupakwa wino.

Mama Ursula ameniuliza kama picha imeharibika. Nikamwambia hapana, imepona.

Alhamisi, 18 Machi

Sikujibu vibaya. Nilijibu sawasawa swali ambalo si lenyewe. Audax aliuliza kama lenzi ni ya kweli, na sote watatu tukachukulia kwamba lenzi ya Fredi ilikuwa ya kweli kwa sababu Audax kasema. Sikuwaza hata mara moja kwamba Fredi mwenyewe, yule Fredi wa Gitega nzima, ndiye aliyekuwa akitembea na Mrusi mwenye kofia ya Mjerumani.

Picha moja haitoshi. Kabla sijasema neno tena nitatafuta nyingine.

Jumapili, 21 Machi

Baada ya misa nimetangaza kwa akina mama: mwenye picha ya zamani yenye muhuri wa Fredi ailete, nitamtolea nakala bure. Bure! Nimejiponza mwenyewe.

Jumamosi, 27 Machi

Studio imejaa marehemu. Watu wameleta picha kwenye Biblia, kwenye mifuko ya sukari, moja bado iko kwenye fremu na buibui wake. Kila anayeleta anataka kunieleza nani ni nani, na nani hayupo tena. Wengi hawapo. Nimewasikiliza wote, chai ikapoa.

Nimezipanga kwa miaka. Zile zilizopigwa nje, zenye mwanga nyuma, ndizo zinazosema. Mpaka Pasaka ya 1986 viduara ni vizima kama sarafu. Krismasi ya mwaka huohuo vimeumwa, na kuanzia hapo vyote, mpaka picha ya mwisho niliyopata, ya Agosti tisini na tatu. Kwa hiyo katikati ya mwaka themanini na sita Fredi alibadilisha lenzi, na pete akahamishia kwenye ile mpya. Kwa nini amfiche ndugu yake, sijui.

Jumanne, 6 Aprili. Muyinga

Pasaka imepita. Nimepanda gari linalopitia Karuzi alfajiri na mchana nikawa Muyinga. Christina anaishi mlimani juu ya mji, kwenye shamba la mama yake, katika nyumba ya matofali mabichi ambayo Murhula ameiezeka kwa bati. Nilimkuta akipalilia maharage. Aliponiona hakuacha jembe.

"Karibu, mama. Kuna jingine?"

Nilistahili. Nikamwomba lenzi. Akaosha mikono kwanza, akaleta kopo.

Kamera yangu haiungani na lenzi ile, hivyo nikaishika mbele yake kwa mkono na kuziba pembeni kwa mpira wa baiskeli. Nikamsimamisha Christina mbele ya miparachichi, mvua ikiwa imekatika kidogo na jua likipenya. Nikapiga. Nikaizungusha lenzi kidogo, nikapiga tena. Kisha tukaangalia pamoja kwenye kioo kidogo cha kamera.

Viduara vilikuwepo nyuma ya kichwa chake, vyote vimeumwa. Nikatoa nakala ya harusi ya Ursula, nikaiweka kando. Meno mawili, moja refu kuliko jingine. Yaleyale.

Nikamweleza polepole, kama ninavyoeleza hapa. Alikaa juu ya jiwe akauliza, "Kwa hiyo mama hakunidanganya?"

"Hakukudanganya."

"Tangu siku ile nimekuwa nikimkasirikia. Nalima huku namgombeza. Namwuliza, kwa nini ulinibebesha takataka ya mtu nisiyemjua?" Akapangusa lenzi kwa pindo la kitenge. "Marehemu hawezi kujitetea."

Niliona aibu mpaka masikioni. Nilikuwa nimehesabu kwamba nimemharibia mahari. Sikujua kwamba nilimharibia na mama yake pia. Nikamwomba radhi. Akaniambia, "Si kitu, mama, ulisema ulichokiona," kwa adabu ileile ambayo Februari niliiona ya uongo. Ni adabu tu. Ndivyo alivyo.

Murhula alikuja jioni na samaki wa kukaanga. Alipoiona picha akacheka kwa sauti. "Sasa mi nitapeleka ng'ombe kwa hii lenzi ya meno mbili?" Nikamwambia amngoje kwanza Audax.

Jumatatu, 12 Aprili. Gitega

Nimemwita Audax studio, nikamtandikia picha mezani: za kabla ya themanini na sita upande huu, za baadaye upande ule, na ya Christina mwisho. Nikamwonyesha kwa ncha ya kalamu. Alielewa upesi kuliko nilivyotarajia. Alichukua ile ya Krismasi akaishika muda mrefu.

"Hizi zote alipiga Fredi?"

"Zote zina muhuri wake."

"Na lenzi iko russe."

"Ndiyo, mzee."

Akaiweka chini kama inayochoma. "Basi picha ndiyo inadanganya. Au kompyuta yako. Lenzi ya Fredi ilikuwa allemande mpaka siku alikufa. Hakuna mtu aliivunja! Unasikia? Hakuna!"

"Sikusema imevunjwa."

"We unataka kunifanya Fredi mwongo, juu ya mtoto wa barabarani." Akachukua kofia yake akatoka, mvua ikimngoja mlangoni.

Sasa namwelewa. Nyumba anayokaa ni ya Fredi, na shamba la migomba nyuma yake ni la Fredi. Katekista! Atatufundisha amri kumi Jumapili huku amekalia ya saba, usiibe.

Alhamisi, 22 Aprili

Mvua siku nzima. Audax kapita upande wa pili wa barabara, akatazama kwingine.

Jumapili, 2 Mei

Misa. Audax ndiye aliyesoma somo. Sauti ilimkwama katikati, akarudia mstari. Watu walidhani ni mafua.

Jumanne, 4 Mei

Christina amepiga simu. Anauliza tu kama kuvu limerudi kwangu. Kuganduka ni kiangazi kikianza, na kiangazi hakiko mbali.

Ijumaa, 14 Mei

Nilikosea tena. Masika haya nimekosea kuhusu kila mtu.

Mchana, mvua kubwa, hakuna wateja. Audax ameingia bila kubisha, kalowa, kavua kofia. Hakutaka chai. Alikaa kwenye kile kiti cha vitambulisho, mbele ya pazia jeupe, kana kwamba ninataka kumpiga picha.

"Mi ndiye niliangusha," amesema.

Nikavuta kiti nikakaa mbele yake.

"Ilikuwa mwezi wa sita, themanini na sita. Tulitoka Mutoyi, komunyo. Mi nilikuwa na baiskeli na begi ya Fredi. Kwenye ule mtelemko nilitaka kuonyesha wasichana vile najua kukimbiza. Nikaanguka. Begi ikaenda mbele yangu, ikapiga jiwe. Nilisikia kioo, Kasilda. Nilisikia."

"Fredi akafanya nini?"

"Akafungua begi, akaangalia peke yake, akanipa mgongo. Kisha akafunga. Akasema, 'Iko nzima, Imana ishimwe. Twende.' Imana ishimwe, Mungu asifiwe! Nikalia njiani juu ya furaha. Kesho yake akasema anakwenda Muyinga, kuna watu wanataka picha. Akakaa huko wiki mingi. Karudi, nikauliza lenzi, akanionyesha jina la Kijerumani. 'Hii hapa, mdogo wangu. Haijaguswa.' Tangu siku ile kila mtu akiniuliza, nasema haijaguswa. Nimeapa mbele ya watu, miaka yote ile."

Kumbe ndiyo maana. Kama lenzi ya Christina ni ya Fredi, basi ile ya kweli ilivunjika pale mtelemkoni, na aliyeivunja ni yeye. Kaka yake alikwenda mpaka mpakani kutafuta nyingine kwa wafanyabiashara, akang'oa pete kwenye ile iliyokufa akaibandika kwenye ile iliyo hai, ili mdogo wake alale usingizi. Na huko huko Muyinga, akingoja lenzi, ndiko alikompata Efrazia.

Audax alishafika hapo kabla yangu. "Kama singeanguka, asingeenda Muyinga," alisema. "Huyu mtoto, mi ndiye nilimleta. Na mi ndiye nilimfukuza."

Warundi husema machozi ya mwanaume hutiririkia tumboni. Ya Audax leo yalikosa njia hiyo. Nilimpa taulo ninayowapa wateja wapanguse jasho la paji la uso, nikaenda kusimama mlangoni nitazame mvua. Nilimwonea huruma mpaka nikajichukia kwa yale niliyoandika tarehe kumi na mbili Aprili. Siyafuti. Yabaki yanisute.

Kabla ya kuondoka aliuliza, "Hiyo namba ya simu ya Muyinga, unayo?"

Jumatatu, 24 Mei

Uchaguzi wa makomuni, yaani wa serikali za mitaa. Studio imefungwa. Masikio yote ya Gitega yako kwenye foleni.

Jumanne, 1 Juni

Hakuna tone tangu wiki iliyopita. Vumbi la kwanza kaunta.

Jumamosi, 5 Juni

Kuganduka kwa Fredi kumefanyika leo, nyumbani kwake.

Christina alifika na Murhula asubuhi, yeye kavaa imvutano mpya, kile kitambaa cha begani cha wanawake wa Kirundi, ambacho bado hajazoea kukifunga. Mama Ursula alikifungua akakifunga upya bila kumwuliza. Wazee walikaa mstari mmoja. Chungu cha mtama kiliwekwa katikati na mirija yake.

Audax alisimama. Alikuwa na karatasi mkononi, akaitia mfukoni.

"Fredi hakuacha mtoto katika hii nyumba," alisema. "Sote tunajua. Lakini aliacha mtoto mmoja Muyinga. Alikuja kwangu mwezi wa pili na mvua, akaniita data wacu, nikamkatalia. Nilimkatalia juu ya kitu mi mwenyewe nilivunja. Hiyo nitawaelezea yote, leo, mbele yenu. Kwanza aje anywe."

Akamwita kwa jina. Christina alisogea kwa magoti, kama inavyotakiwa. Audax alichovya mrija wake mwenyewe chunguni, akanywa, akampa uleule. Msichana akanywa. Akashukuru kwa Kirundi, sauti ndogo lakini tuliisikia sote, "Murakoze, data wacu." Audax hakuruka safari hii. Alimshika mkono akamkalisha kando yake, kwenye kile kiti kilichokuwa wazi.

Kisha akaeleza habari ya mtelemko wa Mutoyi. Wazee wawili walicheka waliposikia alikuwa akijionyesha kwa wasichana, na mmoja akasema aliwajua wasichana wenyewe. Alipofika pale Fredi alipompa mgongo kuangalia begi, hakuna aliyecheka.

Murhula aliwekwa nyuma pamoja na wageni. Hakuweza kunyamaza: "Baba mukwe, ng'ombe niilete lini?" Audax akamjibu, "We ngoja uitwe. Hapa si Kobero." Nyumba nzima ikacheka, naye akacheka zaidi.

Baadaye wakanitaka nipige picha ya familia. Nilikuwa na kamera yangu na lenzi yake nzuri. Christina akaniletea kopo. Nikatoa Mrusi wa Fredi kwenye makaa, nikamshika mbele ya kamera, mpira wa baiskeli pembeni. Nikawapanga mbele ya migomba, jua likiingia kwenye majani. Kwa mazoea nikasema, "Masikio yaonekane," na wazee wakavua kofia kwa utii.

Audax aliinua mkono. "Kasilda. Yale meno ya nyuma yatatoka?"

"Yatatoka, mzee. Nikitaka nitayaziba kwenye kompyuta, hakuna atakayejua."

Alimtazama Christina, akasogea mpaka bega lake likagusa la msichana.

"Usizibe hata moja," akasema. "Piga."